Video ya sekunde chache haitoshi kumpima kipa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie tabia iliyoota mizizi katika kurasa za michezo za magazeti yetu ya Kiswahili, lako likiwa mojawapo, ya kupima ukubwa wa mchezaji aliyestaafu kwa namna video zake zinavyosambaa mitandaoni. Mfano nitakaoushikilia ni wa Vladimir Stojković, mlinda mlango wa zamani wa timu ya taifa ya Serbia, ambaye kila msimu wa Kombe la Dunia unapokaribia huibuka upya kwenye simu za watu akiwa ameruka kuokoa mkwaju wa penalti wa Lukas Podolski. Sina ugomvi na wanaomshangilia, na mimi mwenyewe nikikutana na video hiyo huitazama mpaka mwisho. Ugomvi wangu ni na mwandishi wa habari za michezo anayeiokota, akaipachika kichwa cha habari chenye neno "shujaa", akahesabu waliobofya alama ya kupenda, kisha akaona amemaliza kazi.

Tukio lenyewe linastahili sifa, na ni vizuri likaelezwa kama lilivyokuwa. Ilikuwa tarehe 18 Juni 2010 mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini, mechi ya pili ya Kundi D kati ya Ujerumani na Serbia. Miroslav Klose alitolewa nje dakika ya 37 kwa kadi ya pili ya njano, na kabla Wajerumani hawajajipanga upya, krosi ya Miloš Krasić ilimkuta Nikola Žigić, akaishusha kwa kichwa na Milan Jovanović akaukwamisha mpira wavuni. Ujerumani, wakiwa 10 uwanjani, hawakukata tamaa. Sami Khedira aligonga mwamba wa juu, na baada ya mapumziko Nemanja Vidić, beki ambaye wakati huo alikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiogopwa zaidi Ulaya, aliunawa mpira ndani ya eneo la hatari kwa namna ambayo hata wenzake walibaki wameduwaa. Podolski akapiga, Stojković akapangua, na Serbia wakamaliza wakiwa na ushindi wa 1-0. Kwa Wajerumani lilikuwa jambo geni: tangu mwaka 1974, Jan Tomaszewski wa Poland alipomzuia Uli Hoeneß, hakuna mchezaji wao aliyekuwa amekosa penalti ya Kombe la Dunia ndani ya muda wa mchezo, ukiacha mikwaju ya kuamua mshindi.

Hapo ndipo video inapoishia, na hapo ndipo mwandishi alipaswa kuanza kazi. Siku 5 kabla ya mechi hiyo, mjini Pretoria, Stojković huyohuyo alisimama langoni akisubiri penalti nyingine. Serbia walikuwa wamebaki 10 baada ya Aleksandar Luković kutolewa, na zikiwa zimesalia dakika chache Zdravko Kuzmanović akaunawa mpira. Asamoah Gyan alifunga, Ghana wakashinda 1-0, na ushindi huo ukawa wa kwanza kwa timu ya Afrika katika fainali zile za kwanza kuandaliwa katika bara letu. Kisha tarehe 23 Juni, mjini Nelspruit, Serbia walifungwa 2-1 na Australia kwa mabao ya Tim Cahill na Brett Holman. Bao lao la kufutia machozi lilipatikana baada ya kipa wa upande wa pili, Mark Schwarzer, kuutema mpira na Marko Pantelić akaumalizia. Bao moja zaidi lingewavusha, kwa kuwa wangelingana pointi na Ghana na kuwapita kwa mabao ya kufunga. Bao hilo halikupatikana. Serbia, waliowafunga Wajerumani, walishika mkia wa kundi wakiwa na pointi 3.

Hebu sasa tumtazame Gyan na Stojković kwa pamoja, kwa sababu sijui mfano mwingine unaoonyesha wazi zaidi jinsi kumbukumbu ya mtandaoni inavyochagua. Gyan alipiga penalti dhidi ya Stojković akafunga. Wiki chache baadaye, tarehe 2 Julai, katika dakika ya mwisho kabisa ya muda wa nyongeza dhidi ya Uruguay, baada ya Luis Suárez kuuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli, Gyan akagongesha mwamba na Ghana wakatolewa kwa mikwaju ya kuamua mshindi. Leo Gyan anatambulishwa mitandaoni kwa penalti aliyokosa, na Stojković kwa penalti aliyookoa, kana kwamba hawakuwahi kukutana. Walikutana, na siku hiyo aliyeshinda ni yule anayekumbukwa kwa kukosa. Vilevile watu husahau kwamba usiku uleule wa Johannesburg, muda mfupi baada ya kugonga mwamba, Gyan alirudi kupiga mkwaju wa kwanza wa Ghana katika kuamua mshindi, akafunga. Ujasiri wa namna ile haujapata sehemu hata robo ya umaarufu wa kosa lililoutangulia.

Wapo watakaosema kwamba mashabiki wana haki ya kukumbuka wanachotaka. Ni kweli, na tena katika suala la makipa ninaona haki fulani imetendeka. Kwa miaka mingi kipa alikumbukwa kwa bao la kizembe tu. Mshambuliaji aliweza kukosa mara 5 akafunga la 6 akabebwa juu juu, huku kipa aliyeokoa mara 5 na kuteleza mara moja akizomewa mpaka anaingia kwenye basi. Kwamba leo kijana ambaye hakuwa amezaliwa mwaka 2010 anaweza kulitaja jina la kipa wa Serbia kwa sababu ya kazi nzuri aliyoifanya ni jambo la kufurahisha. Lakini shabiki na mwandishi hawana wajibu mmoja. Shabiki anaruhusiwa kupenda. Mwandishi anatakiwa kueleza.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo waandishi wengi hawaligusi. Sehemu kubwa ya kazi ya kipa haiwezi kuingia katika video ya sekunde 15. Kipa anayesoma mchezo husogea hatua 2 kushoto kabla mpira haujapigwa, na shuti likija linamkuta kifuani. Watazamaji wanaona mpira mwepesi. Kipa anayepanga ukuta wake vizuri humlazimisha mpigaji apige pembeni au juu, na hakuna atakayekata kipande cha mpira uliotoka nje ili akisambaze. Kumpigia beki kelele arudi mita 3, kutoka langoni na kuiwahi krosi kabla ya kichwa cha mshambuliaji, kuushikilia mpira sekunde kadhaa ili wenzake wapumue, yote haya ni kazi, na yote hayaonekani. Kinachoonekana ni kuruka. Matokeo yake, mitandao humpendelea kipa anayeruka sana, ambaye mara nyingine huruka kwa kuwa alikuwa amesimama mahali pasipofaa. Sisemi kwamba Stojković alikuwa wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba kwa video zile peke yake hakuna awezaye kujua, na gazeti linapoandika "mmoja wa makipa bora wa kizazi chake" likiegemea idadi ya watazamaji, linatoa hukumu bila kusikiliza shauri.

Anayetaka kumjua kipa huyu inambidi akubali kutembea naye njia ndefu. Alizaliwa Loznica mwaka 1983. Katika msimu wa 2005-06 alikuwa langoni mwa Red Star Belgrade walipotwaa ligi na kombe, na kocha wake alikuwa Walter Zenga, ambaye naye alikuwa kipa mkubwa wa Italia. Akaenda Nantes ya Ufaransa, na katikati ya msimu klabu ikamleta Fabien Barthez, bingwa wa dunia wa mwaka 1998, akachukua nafasi. Akapita Vitesse ya Uholanzi kwa mkopo, kisha mwaka 2007 akatua Sporting ya Lisbon. Huko, mwezi Agosti wa mwaka huohuo, katika mechi dhidi ya Porto, mpira ulitoka mguuni mwa beki wake Anderson Polga ukamfuata, akauinamia na kuudaka kwa mikono. Mwamuzi aliamua kwamba ilikuwa pasi ya makusudi kwa kipa, Porto wakapewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja ndani ya eneo la hatari, Raul Meireles akaupeleka wavuni, na mechi ikaisha kwa bao hilo moja. Tukio hilo, la kuinama na kuokota, linafundisha zaidi kuhusu ugumu wa kazi ya kipa kuliko penalti yoyote: ni uamuzi wa nusu sekunde, hakuna kuruka, hakuna kelele za mtangazaji, na adhabu yake ni kupoteza mechi.

Baada ya hapo alipelekwa kwa mkopo Getafe ya Hispania na Wigan ya Uingereza, na ni akiwa katika hali hiyo ya kutangatanga, bila namba ya uhakika katika klabu, ndipo alipokwenda Afrika Kusini na kusimama mbele ya Podolski. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari. Kipa aliyekuwa hana makazi ya kudumu katika soka la klabu alipewa lango la taifa lake na akalilinda siku ile kuliko kipa yeyote wa kundi lile. Mwandishi mwenye uvumilivu angepata hapo makala nzima, yenye mvuto kuliko hesabu ya waliotazama video.

Lakini lililo zito kuliko yote lilitokea miezi isiyofika 4 baadaye, na ndilo linalonifanya niandike barua hii badala ya kunung'unika peke yangu. Katika majira yaleyale ya mwaka 2010 Stojković alijiunga na Partizan, watani wa jadi wa Red Star, klabu ambazo viwanja vyake vyote viwili viko Belgrade na havifiki hata umbali wa kilomita moja kati yake. Kwa sehemu ya mashabiki wa Red Star huo ulikuwa usaliti usio na msamaha. Tarehe 12 Oktoba Serbia walikuwa mjini Genoa kucheza na Italia katika mechi ya kufuzu Euro 2012, siku 4 baada ya kufungwa nyumbani 3-1 na Estonia. Kabla ya mechi, basi la timu lilivamiwa na mashabiki wa Serbia wenyewe wakimtafuta yeye. Hakuwa katika hali ya kucheza, na lango likapewa Željko Brkić. Uwanjani vurugu ziliendelea, fataki zikarushwa, mechi ikacheleweshwa kuanza, na ilipoanza ikavunjwa baada ya dakika chache. UEFA iliwapa Italia ushindi wa 3-0.

Tafuta sasa picha za tukio hilo. Utakayemwona kwanza ni mwanamume aliyejifunika uso, amekaa juu ya uzio akiwa na fulana nyeusi, akikata wavu. Jina lake lilizunguka dunia nzima na nakusudia kutolitaja hapa. Akawa kichekesho, akawa mhusika wa mitandaoni, na kuna watu wanaoisambaza picha yake mpaka leo kwa mzaha bila kujua kwamba ghasia zile zilikuwa na mtu mahususi aliyelengwa. Aliyelengwa alikuwa mfanyakazi aliyebadili mwajiri. Ikiwa umaarufu wa mtandaoni ndicho kipimo, basi siku ile aliyeshinda ni mvamizi, na aliyevamiwa hakuonekana kwa sababu hakuwepo kwenye picha. Gazeti linalosema linamuenzi Stojković kwa kurudia video ya Port Elizabeth, likaipita Genoa kimya, halijamuenzi. Limechukua sehemu ya maisha yake inayouzika.

Aliyofanya baadaye yanatosha kumwonyesha mtu kwamba hakuvunjika. Alibaki Partizan na kushinda nao ubingwa wa Serbia, akaenda Ugiriki, Israeli na tena Uingereza akiwa na Nottingham Forest, akarejea Partizan mwaka 2017, na mwaka uliofuata akacheza mechi zote 3 za Serbia katika Kombe la Dunia la Urusi, miaka 8 baada ya yale ya Afrika Kusini. Kwa jumla aliichezea timu ya taifa zaidi ya mechi 80. Mwaka 2021 alihamia Al-Fayha ya Saudi Arabia, klabu ambayo haikuwa na taji lolote kubwa, na Mei 2022 walifika fainali ya Kombe la Mfalme dhidi ya Al-Hilal, waliokuwa mabingwa wa Asia. Dakika 120 ziliisha kwa sare ya 1-1, na Al-Fayha wakashinda 3-1 kwa mikwaju ya penalti, kipa wao akiwa Mserbia huyo aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 39. Ilikuwa miezi kadhaa kabla Cristiano Ronaldo hajahamia Al-Nassr, na macho ya dunia yalikuwa bado hayajaelekezwa kwenye ligi ile. Laiti fainali hiyo ingechezwa mwaka mmoja baadaye, pengine ndiyo ingekuwa video yake maarufu, wala si ile ya Podolski. Sasa jiulize, Mhariri, ubora wake ungekuwa umeongezeka kwa lipi?

Ndiyo maana nasema kwamba orodha za "makipa bora wa Serbia" zinazotungwa mitandaoni na kunakiliwa magazetini kwa kiasi kikubwa ni orodha za kamera. Stevan Stojanović alikuwa kipa na nahodha wa Red Star tarehe 29 Mei 1991 mjini Bari, walipotoka bila kufungana na Marseille kwa dakika 120, akaokoa mkwaju wa Manuel Amoros, wenzake wote 5 wakafunga, na yeye akawa nahodha wa klabu pekee ya Yugoslavia iliyowahi kulinyanyua Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Bado jina lake hutajwa mara chache. Milutin Šoškić wa Partizan naye aliingia Wembley tarehe 23 Oktoba 1963 kuchukua nafasi ya Lev Yashin wakati wa mapumziko, katika mechi ya England dhidi ya kikosi cha wachezaji bora wa dunia. Mabao yote 2 ya England yalifungwa kipindi chake, na mtu anayependa mzaha angeweza kutengeneza video ya kumcheka. Lakini kipa huyo ndiye aliyeifikisha Partizan fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mwaka 1966, walipofungwa 2-1 na Real Madrid, na baadaye akawa mwalimu wa makipa wa timu ya taifa ya Marekani kwa miaka mingi. Alifariki dunia mwaka 2022. Katika magazeti yetu sikuona hata aya moja.

Sitegemei gazeti liache kutumia video za mitandaoni. Wasomaji wanazipenda na biashara ya habari inazihitaji. Ninachoomba ni kidogo na hakigharimu fedha. Video ya kipa mstaafu inapochapishwa kwenye tovuti yenu au kutajwa gazetini, iambatane na tarehe, mashindano, matokeo ya mwisho na mechi iliyofuata. Neno "bora" litumike pale tu ambapo mwandishi ametaja anamlinganisha na nani na kwa kigezo gani. Aulizwe mtu aliyewahi kudaka au kufundisha makipa, kwa kuwa wachambuzi wetu wengi walikuwa washambuliaji na viungo, na kwa heshima zote, mtu aliyetumia maisha yake kutafuta nyavu huliona goli kutoka upande mwingine. Na idadi ya wafuasi wa mtu iwekwe mahali pake, mbali na idadi ya mechi alizocheza.

Kama dawati la michezo litaona ombi hili lina uzito, napendekeza lianze na mechi ya Pretoria ya tarehe 13 Juni 2010. Wasomaji wenu wengi waliitazama wakiwa upande wa Ghana, wanaikumbuka penalti ya Gyan, na huenda hawajawahi kujiuliza kipa aliyefungwa siku ile alikuwa nani.

Wako katika michezo,
Msomaji wa kurasa za michezo